Mmoja Kati ya Tisa Walionyamaza

Saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, Gundi anautazama mlango kwa mara ya sita. Kazi ipo mbele yake kwenye kompyuta, mistari kwa mistari ya saa na tovuti, lakini mkono umeganda juu ya kipanya. Mlinzi akikohoa huko nje, anashtuka.

"Atakuja," anasema, wala hajaulizwa. "Alhamisi hajawahi kukosa."

Anayesubiriwa ni mama mmoja mshona sare za shule. Huu ni mwezi wa saba anakuja kila Alhamisi, anakaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba mapajani, na kuuliza swali lilelile: mwanawe aliteleza, au alijitupa?

Gundi si jina lake. Wenzake walimpachika kwa sababu kazi yake ni kuunganisha. Ana miaka thelathini na minane, mke, watoto wawili, na mshahara ambao anasema ukifika tarehe kumi na tano uko hoi, kuanzia hapo wanaubeba mgongoni.

Ameajiriwa katika kituo kinachochunguza tabia za watu mtandaoni. Watu hujitolea, simu zao huwekwa programu ndogo inayoandika kila wanachofungua: video, maduka, habari, na maswali wanayouliza wakiwa peke yao. Taarifa huja vipande vipande, kila tovuti na chake. Gundi ndiye anayejua kwamba aliyetazama mpira saa sita ndiye huyohuyo aliyeulizia dawa ya mgongo saa saba.

Akishaunganisha, hufuta jina na kuweka namba. Husogeza tarehe mbele au nyuma, kila mtu kwa siku zake, ili asitambulike. Ndipo mafaili hugawiwa watafiti wengine, huyu wa usingizi, yule wa kamari. Siku tisini baada ya kukusanya kuisha, orodha ya majina huteketezwa. Na ni haki. Nani angependa jirani asome alichokitafuta usiku mlango umefungwa?

"Hata mke wangu simpi simu yangu," anasema, na kucheka kidogo. Kicheko hakifiki mbali.

Mwana wa yule mama alikuwa mmoja wa watu 4,112 waliojitolea. Alikuwa fundi rangi. Mchana mmoja, jua limewaka, alianguka kutoka kwenye jukwaa ghorofa ya nne. Fundi mwenzake anasema aliteleza. Msimamizi aliandika kwamba alijitupa. Majirani, kama ilivyo kawaida yao, walichagua la pili, na hadi leo mama akipita wanashusha sauti.

Simu ilipasuka pamoja naye. Lakini mama alikumbuka mwanawe kumwambia kwamba kuna wasomi wanaisoma simu yake. Akaulizia huku na huku kwa miezi minne mpaka akalifikia lile benchi. Orodha ya majina ilikuwa imeteketezwa siku kumi na moja kabla.

Ilibaki njia moja. Kila aliyejitolea alipewa kadi yenye namba yake, na orodha ikishaondoka, kadi hiyo tu ndiyo inayomtambulisha mwenyewe. Ya marehemu ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Na suruali ilikuwa imefuliwa, ili apewe mjomba wa marehemu. Mama alileta kipande kilichokauka, kimejikunja, kinasomeka tarakimu mbili tu za mwisho: saba na moja.

"Niliisugua kwa mikono yangu hii," mama aliliambia gazeti hili. "Ilikuwa na madoa ya rangi. Nikaona aibu kuitoa vile."

Namba zinazoishia na 71 ni arobaini na moja. Kati ya wenye namba hizo, tisa walinyamaza, simu zao zikaacha kuleta taarifa, kabla utafiti haujaisha. Huenda wengine waliuza simu, wengine walichoka tu kutazamwa. Mmoja yuko kaburini. Tarehe hazisaidii, maana Gundi mwenyewe ndiye aliyezisogeza, na jedwali la kuzirudisha alilifuta siku moja na majina. Kwa kazi hiyo alipewa cheti cha mfanyakazi makini. Kipo ukutani, juu ya kichwa chake, na yeye hakitazami.

"Mama alifua, mimi nilifuta," anasema. "Sote tulikuwa wasafi mno."

Mara mbili ameiandikia kamati ya maadili, mara mbili imekataa. Kumtafuta mmoja, walisema, ni kuwavua nguo wengine arobaini walioahidiwa stara. Gundi hawalaumu. Angekuwa yeye kwenye kamati, anasema, angekataa vilevile, na hilo ndilo linalommaliza.

Lakini amewasoma. Kukagua kama vipande vimeungana sawasawa ni kazi yake, na hao tisa amewakagua hadi amewakariri. Amekubali haya yaandikwe.

"Watatu waliulizia rangi za nyumba, lakini nani hapaki nyumba? Katika hao watatu, mmoja alikuwa anatafuta bei ya kitanda cha mtoto mchanga, kila siku, kama anayedunduliza. Na mmoja... huyo simsemi."

Saa nne na dakika kumi, mama anaingia. Gundi anasimama, anamwamkia, anamsogezea maji. Anamweleza alichomweleza wiki iliyopita: mkataba na waliojitolea unasema taarifa zote zifutwe mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni kesho. Saa nane mchana. Atakayebonyeza kitufe ni yeye Gundi.

Mama anasikiliza hadi mwisho. Anaufungua mkoba, anaufunga. Halafu anasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Mwanangu, nimeelewa huwezi kunipa wangu. Basi nipe wa mwenzangu. Nichagulie mmoja aliyekuwa na furaha, unihadithie, nitamchukua huyo."

Gundi anavua miwani, anaifuta kwa shati, anaifuta tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku hiyo kulikuwa na mwingine aliyeumia. Mama anangoja hadi maji yanaisha kwenye bilauri, anashukuru, anaondoka.

Alipoulizwa ana matumaini gani, Gundi alisema hana. Ana safari tu. Alhamisi ijayo ataomba ruhusa, na yeye ndiye atakayekwenda kubisha hodi kwa mama, mikono mitupu. Atamwambia kwamba mwanawe alikaa mezani kwake miezi yote hiyo, na yeye hakumjua.

"Ila najijua," alisema. "Nikimwona mama usoni, nitamwambia habari za kitanda. Na Alhamisi itakayofuata, ataanza kumtafuta mjukuu."