Msichana wa Sosiot Aliyesimamisha Watu Hewani

Asubuhi nyingine hapa Sosiot ukungu huingia nyumbani bila kubisha. Unapita mlangoni, unakaa kwenye kigoda cha marehemu mzee wangu, unaota moto kidogo, halafu unatoka kwenda kulala juu ya majani chai. Watu wa mjini hawaniamini nikisema hivyo. Mimi huwauliza, kama si ukungu, basi nani hulowesha kigoda?

Ni ndani ya ukungu kama huo mjukuu wangu Chepkirui alijifunza densi. Alikuwa mdogo, akitumwa kupeleka maziwa anatoroka katikati ya mistari ya chai, na mimi kutoka jikoni naona kichwa tu kikipanda na kushuka juu ya majani, kama kuku anayejaribu kuogelea. Sikumwita. Maziwa yalichelewa, lakini ng'ombe hakulalamika.

Tena mimi nilijua tangu zamani. Alipozaliwa tulikaa kumtafutia jina la ukoo, tukawaita waliotutangulia mmoja mmoja huku tukingoja mtoto apige chafya, maana kwetu chafya ndiyo jibu. Akanyamazia majina yote ya watu wenye heshima. Tulipomtaja shangazi wa mzee wangu, yule aliyecheza kwenye sherehe moja mpaka nyasi za ule uwanja zikakataa kuota tena, mtoto alipiga chafya mpaka paka akatoka nje. Ni mama yake tu aliyeendelea kutumaini atakuwa nesi.

Basi msichana akamaliza shule, akaenda Kisumu kujifunza densi, akarudi amekonda lakini ana furaha tele. Densi ilimpa kila kitu isipokuwa chakula. Hapo ndipo Weldon wa Kericho mjini, mpiga picha wa harusi aliyekuwa amechoka na maharusi, alipomwachia kamera yake kuukuu. Chepkirui akaanza kibarua cha kupiga picha za wachezaji. Hana bosi. Akiitwa anaenda: vijana wa kanisa wakicheza mbele ya madhabahu, watoto wa shule kwenye mashindano, akina mama kwenye sherehe za kuposa huko Ndanai. Pesa ikiingia, anaipeleka Kisumu kwa mwalimu wake wa densi, anafundishwa kidogo, inaisha, anarudi kwa kamera.

Kazi yake haikuwa kama ya wengine. Wapiga picha wengine husimama kama nguzo za stima. Yeye hucheza nao. Mchezaji akiruka, naye anaruka, kamera iko usoni, na wote wawili wakifika juu kabisa, pale mwili umeacha kupanda na haujakumbuka kushuka, ndipo anabonyeza. Kwa hiyo katika picha zake hakuna mtu aliye chini. Mama mmoja wa Ndanai, mzazi wa bwana harusi, mnene kuliko tangi la maji, alipigwa picha yuko juu ya vichwa vya wageni kama wingu lenye kilemba. Majirani wanasema hakushuka mpaka aliposikia chai imeletwa. Mimi sikuwepo, lakini picha nimeiona, na katika picha bado yuko juu.

Sosiot nzima ilimsifu. Lakini kitu kimoja kilimuuma, na mimi nilikiona anapokaa jioni akipitisha zile picha kwenye simu. Wote walikuwamo, yeye hakuwamo hata moja. Kila mara kikundi kikubwa kilipokuja kutafuta wachezaji, walimwita apige picha za wanaochaguliwa. Alienda na kamera, akarudi na kamera. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiiweke chini naye ajipange kwenye mstari. Akasema akiiweka chini na wamkatae, atakuwa amepoteza kazi na densi kwa siku moja. Nilikuwa na jibu lakini halikuwa zuri.

Halafu mwaka huu akaja Jackton Okoth. Huyu ni mtu wa upande wa ziwa, ana kikundi cha densi Kisumu ambacho husafiri mpaka nchi za watu, na alikuwa anatafuta mchezaji mmoja wa kuishi nao na kufanya nao kazi. Uchaguzi ulikuwa Kericho, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa siku mbili. Nani alipigiwa simu aje na kamera? Chepkirui. Akakubali, akakata simu, akaenda kusimama nje kwa ukungu mpaka nikaona nguo zake tu, mtu mwenyewe amefutika.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilimwambia hatoki kwangu bila baraka. Mimi ni mtu wa kanisa, niliomba kwanza, tena sala ndefu. Lakini sala ni ya kwenda juu. Mtoto akienda kutafuta kitu kikubwa, kwetu hutemewa pia baraka, mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa majivu, yakitoka kwenye mdomo wa mtu mzima. Nikapiga funda kubwa. Nikafikiria: huyu mtoto hali kwa kifua wala kwa miguu, anakula kwa kile kitu alichokibeba. Nacho kilikuwa kinanitazama na jicho lake wazi. Nikakitemea baraka zote, puuu, mpaka majivu ya kibuyu.

Chepkirui alisimama kama mti.

"Kogo, umefanya nini?" Kogo ndiye bibi kwa lugha yetu.

"Nimekubariki."

"Umebariki kamera."

"Si ndiyo inafanya kazi?" nikamuuliza.

Nilichukua ncha ya kitambaa changu cha kichwa nikapangusa, na hapo nikaongeza ubaya, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimetoka kushika sufuria. Jicho la kamera likawa kama la mzee mwenye mtoto wa jicho. Akabonyeza, ikakohoa kidogo, ikazima. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliipeleka kwa Weldon, na mimi nikamfuata nyuma, maana mwenye kubariki hawezi kubaki nyumbani siku kama hiyo. Weldon aliinusa, akatutazama wote wawili, akasema itakaa kwake mpaka kesho na tafadhali mtu asimweleze ilikuwaje.

Ukumbini tulimkuta Jackton. Ni mrefu jamani, nafikiri kule kichwani kwake mvua hunyesha saa tofauti na yetu. Aliposikia hakuna kamera alikasirika kwa upole, kama watu wa kanisani, akamwambia msaidizi wake apige picha na simu. Chepkirui akabaki kando ya ukuta. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaishikanisha.

Ngoma ikaanza. Vijana wakaingia katikati, wengine wazuri, wengine Mungu anawaona. Na mjukuu wangu pale ukutani, miguu yake ikaanza bila ruhusa. Wakiruka, anaruka. Wakifika juu, kidole chake cha kwanza kinabonyeza hewa. Hakujua anafanya. Mimi nilijua, na nikajua Jackton ameona, kwa sababu aliacha kuwatazama waliomo katikati.

"Wewe dada wa kamera," akasema. "Unabonyeza nini hapo?"

Watu wakacheka. Chepkirui akaficha mkono nyuma.

"Njoo ubonyezee hapa katikati, sisi sote tuone."

Alinitazama mimi kwanza. Mimi nikatazama dari. Kama ningemtazama angeniomba nikatae.

Akaenda. Sasa mimi nimeona mambo. Nimeona mvua ya mawe yenye ukubwa wa andazi, nimeona ng'ombe akimwamkia padri. Lakini sikuwa nimemwona mtoto huyu akicheza bila majani chai kumfunika mpaka kifuani. Aliruka, akakaa huko juu, dirisha likawa nyuma yake, na ukumbi mzima ukaacha kupumua. Akashuka, akajizungusha, mkono ukaenda mbali, ukasimama kama tawi. Kila kitu alichofanya kilikuwa cha kutundikwa ukutani. Alipomaliza walipiga makofi, na mimi nikapiga zaidi kwa sababu nina haki.

Jackton hakupiga. Alikuja akasimama karibu naye, akainama ili maneno yasichelewe njiani.

"Unacheza kama picha zako," akamwambia. "Ukifika juu unasimama tukuone. Ni nzuri, siwezi kusema si nzuri. Lakini kati ya picha moja na nyingine, dada, wewe huwa uko wapi?"

Jackton akasema nafasi bado iko, kesho saa sita atachagua, anayetaka arudi.

Tulirudi Sosiot kabla ya mvua ya mawe ya mchana. Akalala kitandani akitazama mabati, mvua ikimwaga kokoto juu yake, na hata chai hakunywa. Mimi najua kusema uongo mzuri, lakini hapo hata uongo ulikataa.

Kesho yake asubuhi nilimwamsha, na nisije nikasifiwa bure: nilimwamsha kwa sababu ya majani yangu. Jentrix, mama anayenisaidia kuchuna, alikuwa mgonjwa, lori la kiwanda huchukua majani kituoni asubuhi, na chai yangu ilikuwa imeshaanza kuzeeka juu ya miti. Nikamfunga aproni ya nailoni, nikamwekea kikapu mgongoni, tukaingia shambani. Ukungu ulikuwa mzito hata nikinyoosha mkono nauona unaenda kwa jirani.

Akaanza kuchuna kama mgeni. Anashika majani mawili na kichipukizi chake, anakata, anainua mkono, anatazama alichopata, anatupa kikapuni, anapumzika, anaanza tena. Jua lingetukuta hapo. Nikamwambia, tena kwa ukali, "Usisimame kukitazama. Kimeshaingia. Mkono huu ukitupa, ule uwe umeshashika kingine."

Akajaribu. Akakosea, akatupa majani usoni kwangu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile baraka. Akajaribu tena. Nikamwambia kwamba nikiwa msichana nilichuna kwa mwendo ambao kichaka kilikuwa hakijui kimechunwa mpaka jioni, na kwamba bwana mkubwa wa shamba aliniomba nipunguze kwa sababu upepo wa mikono yangu ulikuwa unazima moto wa kiwandani. Hakunijibu. Nikageuka nione kama amekasirika.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameondoka, yaani mwili upo, unakwenda. Mkono wa kulia unarudi kutoka begani, wa kushoto tayari uko kwenye majani, kiuno kinageuka, mguu unapiga hatua moja kwenye matope, na hakuna mahali ambapo ungeweza kusema hapa anaanza, hapa anamaliza. Ukungu ulikuwa unapita mbele yake na yeye alikuwa anapita ndani yake, nikashindwa kujua ni nani anayemsogeza mwenzake. Kikapu kilijaa. Hakuona. Majani yakawa yanadondoka chini nyuma yake, na mimi, mchoyo wa majani, sikumwambia kitu. Niliyaokota tu.

Tukawahi lori. Tukawahi Kericho pia, na matope miguuni. Kwa Weldon kamera ilikuwa imepona, imepanguswa kwa pamba na spiriti, jicho linang'aa. Chepkirui akaivaa shingoni, na ukumbini Jackton alipoiona akafurahi sana. Akasema heri, picha za simu za jana zilikuwa za aibu, leo ni siku ya mwisho na kikundi kinataka picha nzuri, achukue nafasi yake pale mbele.

Pale mbele palikuwa pazuri. Pana kiti hata. Niliona anavyopatazama, mahali anapopajua, mahali ambapo hakuna atakayemwambia hapana.

Alikuja mpaka nilipokuwa nimekaa na wazazi wengine. Akavua kamera shingoni, akaniwekea mapajani, kifuniko chake akakikaza vizuri kwanza.

"Leo sipigi," akamwambia Jackton. "Nacheza."

"Na picha nani atapiga?"

"Utatafuta mtu mwingine."

Jackton akasema kwamba akiondoka hivyo, kazi ya picha kwa kikundi hicho asiitegemee tena, hata asipochaguliwa. Hakusema kwa ubaya. Chepkirui akasema ameelewa, akavua viatu.

Akacheza. Mwanzoni nilidhani ameharibu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatafuta mahali pa kusimama na hayakupata. Akipanda alikuwa ameshaanza kushuka, akishuka alikuwa anaenda mahali. Alipita mbele yetu kama ule ukungu ulivyopita, na mama aliyekaa kando yangu akavuta miguu yake ndani bila kujua, ili apishe. Ngoma ilikuwa imenyamaza na yeye bado anamalizia, polepole, mpaka ikawa si densi tena, ni msichana anayetembea kwenda kuchukua viatu vyake.

Jackton aliwashukuru wengine wote kwa majina. Kwake yeye aliuliza tu anaweza kuhamia Kisumu lini. Chepkirui akaniuliza mimi, mimi nikasema majani yapo kila wiki, Jentrix atapona.

Sasa anaishi huko kwenye joto. Kazi ya kamera hajaiacha, wiki asiyocheza anaitwa Ndanai au Chepilat, anaenda kuwapandisha watu hewani, ila picha za kikundi cha Jackton hupigwa na mwingine.

Wageni wakija wananiuliza picha ya siku ile iko wapi, ile aliyochaguliwa. Haipo. Kamera ilikuwa mapajani kwangu na nilikuwa nimeishikilia kwa mikono miwili nisije nikaibariki tena. Kwa hiyo anayetaka kujua alivyocheza hana pa kwenda isipokuwa kwangu, na mimi naeleza vile ninavyotaka. Namwambia aliruka mpaka akapita dari, akaona miti ya Sosiot kutoka kule juu, akaona na kichwa cha Jackton kwa karibu. Ila kitu kimoja sikiongezi wala sikipunguzi: hakusimama mahali popote.