Gari la Mama Mkwe Lilipofungua Mdomo

Sisi mafundi wa Voi tulikuwa na dawa moja ya taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi: chomoa waya wa betri, kunywa chai, urudishe. Taa inazimika, mteja anashukuru, nawe unanawa mikono kama daktari aliyetoka thieta ya upasuaji. Ndiyo maana nilinuna mwalimu wa kozi yetu ya magari mapya alipotuambia mchezo huo unakaribia mwisho. Magari yanayokuja, alisema, yana kumbukumbu isiyofutika kwa kuchomoa betri. Yanahifadhi hitilafu, na hali ilivyokuwa ilipotokea. Inafutika tu gari likishatengenezwa, likaendeshwa, na lenyewe likaridhika kwamba limepona.

"Kubahatisha kumekwisha," alisema. "Utasoma, na utamsomea mwenye gari kila kitu. Ukificha hata mstari mmoja, umefeli."

Mtihani ukatangazwa makanisani: mwenye gari lililowaka taa hiyo alilete likaguliwe bure. Neno bure husikika hadi milimani. Nilipoitwa mbele siku ya mtihani, gari nililopangiwa lilikuwa limeoshwa likang'aa, na kando yake, mkoba kwapani, alisimama mama wa mchumba wangu, ameshuka kutoka Wusi, huko milimani.

Niseme wazi: mama huyu alikuwa hanitaki. Ni mwalimu mkuu mstaafu na kiongozi wa akina mama kanisani, na alikuwa amemwambia binti yake kwamba mafundi wote ni waongo. Jumamosi ya wiki ile nilitakiwa kupeleka wazee wangu kwake kuposa, na jibu angetoa yeye. Mimi aliniita "fundi" tu, kwa sauti ya mtu anayetaja kunguni.

"Mimi naendesha polepole," alimwambia mwalimu wetu. "Uliza mtu yeyote. Hii taa imejiwakia tu."

Nikachomeka mashine ya kusomea kumbukumbu ya gari chini ya usukani. Hitilafu ilikuwa ndogo, koili moja ya plagi imechoka, nami nikaisoma kwa madaha. Kisha nikaona mstari uliofuata, jasho likanitoka. Gari lilikuwa limehifadhi pia mwendo lililokuwa nao taa ilipowaka.

"Endelea, fundi," mwalimu akasema.

Nikificha, nimefeli, tena nimekuwa mwongo kama alivyosema mama. Nikisoma, namvua nguo mbele ya darasa zima. Nilimchukia kabisa aliyebuni ile mashine.

"Mwendo," nikasema, "kilomita mia moja thelathini na nne kwa saa."

Mtu akapiga mluzi nyuma yangu. Mama hakupepesa jicho.

"Hiyo ilikuwa barabara ya Maungu," akasema. "Nilikuwa nachelewa maombi."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilibadilisha koili, na mwalimu akasema gari liendeshwe sasa ili lijipime lenyewe.

"Gari yangu naendesha mwenyewe," mama akasema. "Fundi, ingia."

Tulitoka mjini kuelekea Maungu kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Malori yalitupita yakipiga honi. Mama alikaza macho mbele, nami nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumpigia mjomba simu asihangaike kuazima suti ya Jumamosi. Nilimpenda sana yule binti.

"Ulijua nitaaibika," mama akasema ghafla.

"Nilijua, Mama."

"Na bado ukasoma."

"Nilisoma. Nisamehe, Mama."

Tulikwenda hivyo hivyo mpaka malori yakaisha na barabara ikanyooka mbele yetu, tupu. Akavua viatu vyake vya kisigino, akavisukuma chini ya kiti.

"Hiyo mashine yako iko wapi?"

"Imebaki kwa mwalimu, Mama."

Nilijua vizuri kwamba gari halihitaji mashine ili likumbuke. Safari hii nilinyamaza.

"Basi kaza mkanda, mwanangu," akasema.