Magugu ya Wakwe

Dada yangu mdogo alipopata mchumba kaskazini ya mbali, huko ambako jua la kiangazi halijui kwenda kulala, mama aliniita nyumbani kwetu Kibugu.

"Wewe uliyesoma mpaka usiku," akaniambia, maana sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni, "nenda ukaone boma la hao watu. Nisiporidhika, hakuna harusi."

Dada akanitumia tiketi. Usiku wa kwanza, saa sita kamili, jua lilikuwa limekaa juu ya kilima kama mgeni aliyeambiwa chai inakuja. Nyuma ya nyumba ya wakwe kulijaa maua ya porini, ya zambarau, ya manjano, mengine meupe madogo kama vifungo vya shati. Mwanga ulipita chini chini ukayawasha kutoka ubavuni. Nikalala kifudifudi na simu yangu, nikazuia pumzi upepo utulie, nikapiga picha elfu mbili hivi. Mbu wa huko, wakubwa kama kware, walinila mgongo wote.

Nikamtumia mama tisa nzuri. Asubuhi, kabla hajaenda kuchuma chai, akapiga simu.

"Hii shamba ni ya nani?"

"Ya wakwe, Mama."

"Na magugu yote haya? Hawana jembe?"

"Ni maua!"

"Hata magugu ya hapa hutoa maua. Mtu ameshindwa kupalilia, ataweza kutunza mke? Mwambie msichana wangu arudi nyumbani."

Dada alikuwa kando yangu, akasikia yote. Kijiko kilimwangukia ndani ya uji. "Kaka, umeniharibia ndoa kwa kamera yako!"

Nikamwomba amuulize baba mkwe kwa nini hawapalilii. Mzee akacheka, akatupeleka ghalani. Kulikuwa na nyasi kavu mpaka darini, na maua yake ndani. Huwa wanaziacha zichanue, wanakata, wanakausha. Ndicho chakula cha ng'ombe theluji ikianguka.

Usiku ule nikarudi na simu. Safari hii katikati ya maua nilimweka ng'ombe, kiwele kikielekea kwenye jua.

Asubuhi mama akapiga simu tena.

"Huyo anatoa lita ngapi?"

"Thelathini kwa siku." Nilitaka kusema mia, nikajizuia.

"Kumbe hiyo ni nepia yao, nyasi ya kulisha mifugo! Si ungeanza na ng'ombe? Haya, mpe mkwe mwenzangu simu nimsalimie."

Waliongea nusu saa, mama kwa Kiembu, mzee kwa lugha yake, na dada akicheka huku anafuta machozi.