Ndege za Mazoezi Juu ya Stesheni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumzoesha mama asiogope ndege.

Akina mama wa Kolwezi walioona vita kabla mimi sijaanza kutembea walikuwa na desturi yao: ndege kubwa ikinguruma, wanazima makaa, wanaegemeza godoro dirishani na kuwalaza watoto sakafuni. Mimi niliona aibu. Nilikuwa nimejifunza ndege mwenyewe, kwa magazeti machakavu ya Kifaransa na kwa kusikiliza kila kiangazi, wanajeshi walipofanya mazoezi ya kivita, yale tuliyoyaita manevre. Niliandika mlio wa injini, mwelekeo, miavuli. Mstari ukipinda, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Nilimwambia mama mapema kila mara, "Ni manevre," na sikukosea hata mara moja. Akaacha kusogeza godoro.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai. Nilizaliwa Kolwezi, lakini babu aliletwa kutoka mkoa huo kufanya kazi ya mgodi, na hilo lilitosha. Watu tuliokula nao wakatuita bilulu, wadudu, wakatuambia twende kwetu. Wiki ya tatu ilitukuta stesheni tukingoja treni chini ya turubai, baba ameegemea masanduku. Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na vumbi la kinu cha kusagia mawe. Hata akiwa amekaa alipumua kama mtu anayepanda kilima. Tulikuwa na shida moja tu: kumfikisha kwa dada yake, Mwene-Ditu huko Kasai, akiwa hai.

Asubuhi moja ndege mbili zikatokea upande wa Mutoshi. Watu wakaanza kukimbilia majengo ya misheni ya karibu. Mama akamwinua baba kwa makwapa.

"Profesa wa ndege!" mzee wa turubai la jirani akaniita. "Ni bita ya kweli?"

"Hapana, tata. Ni manevre tu."

"Uko na hakika? Ao ni kiburi?"

"Mi niko na hakika."

Mama aliniangalia. Akamkalisha baba, naye akakaa.

Nilikuwa sahihi, yalikuwa mazoezi. Nisichojua ni kwamba stesheni ndiyo waliyopangiwa kuiteka. Miavuli ilishuka ng'ambo ya reli, askari wakaja mbio wakifyatua risasi za kelele tupu, na makopo ya moshi yakabingirika kati ya sufuria zetu. Moshi ulikuwa mweupe na mzito, ukatanda chini, pale baba alipokaa.

Askari mmoja, wa umri wangu hivi, alikuwa anacheka. "Mama, usiogope! Yote ni ya uongo!"

"Na moshi?" mama akamuuliza. "Moshi nayo ni ya uongo?"

Askari akaacha kucheka. Alishika miguu ya baba, mimi nikashika mabega, tukamtoa hadi kwenye nyasi. Baba alikohoa mpaka jua likawa kali, halafu akanyamaza.

Tulimzika Kolwezi, katika mji uliokuwa unamfukuza. Treni ilifika siku nne baadaye.

Mama hajanilaumu. Mara moja tu, tukiwa tayari Mwene-Ditu, alisema, "Nilikuwa nimekwisha kumwinua."

Siku hizi mtu akiniuliza kama kuna hatari, nasema sijui, na tunaondoka kwanza.