Risasi za Kusubu za Shangazi Ardith

Majani ya mialoni yakianza kuanguka, Shangazi Ardith husubu risasi zake mwenyewe barazani. Madini yanayeyuka sufuriani mpaka yanang'aa kama mwezi uliotumbukia kisimani, naye anayamimina kwenye kalibu polepole, kama anayemwekea mgeni chai.

Madini hayo marehemu mumewe, Hollis, aliyarithi kwa baba yake. Kulungu akishaanguka, risasi iliyompenya huchimbwa kwenye udongo nyuma yake ikarudi sufuriani. Ndiyo sababu Shangazi hapigi mnyama asiye na ukingo wa udongo nyuma yake. Mimi nikiitazama ile sufuria huona kama kulungu wote wa bonde letu wamelala mle ndani.

Mpwa wake Wendell humcheka. Yeye hununua risasi za dukani, zenye koti la shaba.

"Shangazi, zangu zinavuka bonde. Wewe mpaka umnuse kulungu mdomo."

"Na hanuki vibaya kukushinda wewe."

Lakini mwaka huu friza ilikuwa tupu na goti lilikuwa linamsumbua Shangazi. Akamwambia Wendell, "Msimu huu nikikosa, bunduki chukua. Mimi basi."

Wendell akaiazima kabla ya msimu, aijaribu tu, akairudisha.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulijaa kwenye bustani kuukuu ya matofaa. Kulungu dume akatoka humo kama vile ukungu wenyewe umeota pembe, akasimama mbele ya ukingo wa udongo, karibu kabisa. Shangazi akapiga. Udongo ukaruka mbali, pembeni. Kulungu akaondoka bila haraka. Kesho yake ikawa vilevile.

Akarudi akakaa kwenye ngazi, bunduki mapajani. "Labda macho yangu yamemfuata Hollis," akasema.

Hata hivyo akaisafisha, maana hajawahi kuilaza chafu. Akapitisha mtutuni kitambaa chenye dawa. Kikatoka buluu. Cha pili, buluu, rangi ya mbingu ya jioni. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akapiga simu.

"Wendell, ulipiga za dukani?"

"Chache tu, Shangazi."

"Na kusafisha?"

"Nilipitisha kitambaa."

"Kama unavyonawa uso. Kitambaa kinatoka buluu: umeniachia shaba mtutuni, mwanangu. Risasi yangu laini ikipita juu ya shaba inakwenda inakotaka yenyewe."

"Nilidhani umezeeka," Wendell akasema.

"Hata mimi nilidhani."

Shangazi akausugua mtutu mchana kutwa. Vitambaa vya buluu vikajaa barazani, upepo ukivichezesha, mpaka kimoja kikatoka cheupe.

Asubuhi ukungu ukarudi, na yule dume pamoja nao. Mlio wa bunduki ulikuwa mfupi, mtulivu. Dume akapiga hatua chache, akapiga magoti, akalala kwenye majani. Shangazi akamwekea mkono shingoni, akakaa naye hivyo mpaka joto likaanza kupungua.

Wendell alipofika kusaidia kubeba, Shangazi hakumwonyesha nyama. Alimpa sepeto.

"Chimba."

Akachimba kwenye ukingo, akilalamika. Alipoinuka alikuwa na risasi kiganjani, imechanua kama uyoga. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nzito," akasema.

"Irudishe nyumbani, sufuriani," Shangazi akamwambia, akachukua bunduki yake mwenyewe.