Nilivyosoma Kiingereza Mbele ya Baba Yake Koku

Mimi shule niliionja tu, madarasa mawili, tena ya kusinzia. Kusoma Kiingereza kwa sauti nilijizoeza machungani kwetu Kimuli, mbele ya ng'ombe, kwani watu walinicheka. Mwalimu alituambia ukifika kwenye nukta upumzike. Nami kila nukta nikapumzika kichungaji: napiga ule mluzi wa kuwaita ng'ombe wakanywe maji.

Basi nikampenda Koku. Baba yake, mzee mkali ila maziwa hamnyimi mtu, akaapa binti yake haolewi na asiyesoma Kiingereza. Nikaenda na kitabu changu, ng'ombe nikawaacha wakila majani nje ya boma lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, soma."

Nikasoma huku jasho linanitiririka. Kwenye nukta, mdomo ukapiga mluzi wenyewe, wala sikujisikia. Nukta ya pili, vilevile. Ya tatu, mlango ukajaa pembe.

Mzee akawatazama ng'ombe, akanigeukia. "Mwanangu, na hawa mmesoma darasa moja?"

Nilitamani ardhi inimeze. Koku, nyuma ya pazia, alicheka hadi akakohoa.

"Baba, niozeshe huyu," akasema. "Wenzake waliokuja kuniposa walisoma, hakuna aliyewaelewa, hata ng'ombe."