Karoti za Mama Linh

Juzi, hapa kwangu Mbeya, nilifungua chupa ya karoti na figili nilizoloweka kwenye siki, mume wangu akainua miguu kukagua soli za viatu vyake. Simlaumu. Figili ikikaa kwenye siki, ukifungua kifuniko inatoa harufu ya mtu aliyekula maharage akakaa kimya. Ladha yake ni tamu, ila lazima kwanza uivuke hiyo harufu. Mimi nimeivuka ukubwani. Nikiwa na miaka tisa ilinishinda, nusura nimkoseshe mama kazi.

Tulikuwa tunaishi Kihesa, Iringa. Mama alikuwa anafua nguo kwa Mama Linh, mwanamke kutoka Vietnam ambaye mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu. Mama Linh alitaka kufungua kibanda cha mikate ya kujaza nyama na achari ya kwao, akawa anatafuta mpishi, mama akaiomba kazi hiyo. Alimwonyesha mama mara moja tu: karoti na figili zikatwe nyembamba kama njiti za kiberiti, zifikichwe kwa chumvi na sukari mpaka zikunjike bila kuvunjika, zisuuzwe, zikamuliwe, ziingie kwenye chupa yenye siki, sukari na maji ya uvuguvugu.

"Kesho saa kumi wewe leta ya kwako," akasema.

Kesho yake asubuhi mama akatengeneza, kisha akaenda mazoezi ya kwaya. Nyumba akaniachia mimi, maana hata wakati huo nilikuwa mtu wa ndani. Wenzangu wakicheza rede, mimi nalinda masufuria.

Saa nane nikafungua chupa ili nionje. Mungu wangu! Imechacha, na mama anataka kuipeleka kwa watu! Kwetu kumpa mgeni mboga ambayo haijaiva ni aibu tayari, sembuse iliyooza. Nikamwaga maji yake, nikakaanga vitunguu na nyanya, nikatumbukiza zote, nikafunika mpaka zikalainika kabisa. Nilijiona nina akili kuliko watoto wote wa Kihesa.

Mama aliporudi alifunua sufuria, akatazama chupa tupu, akaketi kwenye kigoda.

"We Tumaini, umefanya nini?"

"Ilikuwa imeoza, mama. Nimekuokoa."

"Haya, mwokozi. Lete kisu."

Figili zilikuwa zimeisha. Zilibaki karoti mbili na kipande cha kabichi. Mama akakata, mimi nikafikicha mpaka chumvi ikaniwasha vidole. Saa kumi tulikuwa mlangoni, chupa bado ina joto.

Mama Linh akatafuna, akaitazama chupa. "Kabichi? Mimi sikusema kabichi."

"Figili niliziharibu, dada," mama akajibu bila kunitazama. "Niliziweka jikoni zikaiva."

Mama Linh akacheka, akachota tena. "Lakini inalia kwenye meno. Jumatatu njoo, upike."

Mama alipika pale mpaka familia ile ilipohama. Mwaka jana ndipo nilipomuuliza kama achari yenyewe aliipenda.

"Nani, mimi? Sijawahi kumeza hata kipande. Ile kitu imeoza."

Miaka yote nilijua kwamba siku ile alinifichia kosa langu. Kumbe na yeye, tangu siku ya kuonyeshwa, aliinusa akaona imeoza vilevile. Ila alikuwa amechoka kufua nguo za watu.